Sufuria Zilipolia Mchana

Nyinyi mlioniacha katika simulizi ya Jumatano iliyopita chini ya Fuso ya makala, lori la makaa, katikati ya Butembo na Beni, risasi zikitoboa mlango juu ya kichwa changu, tulieni. Nilitoka. Cyrille ndiye aliyenivuta kwa mkanda wa suruali mpaka kwenye mfereji, na kipande cha chuma kilimpasua bega akiwa ananivuta.

Dereva hakutoka. Clavier yangu, kinanda changu cha umeme, pia haikutoka. Iliungua palepale barabarani pamoja na mifuko ya makala, na ukitaka kucheka, cheka, maana mtu anayelaza clavier juu ya makala katika barabara ile amejiombea moto mwenyewe.

Kwa wale wanaoanza kunisoma leo: naitwa Siméon Kahongya, mwana wa Bulengera, Butembo. Napiga clavier ya roki. Ndiyo, roki, tena katika mji ambamo muuza misumari anaheshimiwa kuliko mwimbaji. Wenzangu wanapiga harusi, wanakula nyama. Mimi natengeneza albamu ndefu, kila moja ikisimulia hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho, na ndani yake naingiza fanfare ya parokia na tarumbeta zake, korali, ngoma, filimbi, kila kitu kinachotoa sauti.

Ya kwanza ilihusu babu zetu wakivuka mto Semuliki na mbuzi wao. Baba aliisikiliza akaniuliza, "Sasa batu banacheza wapi hapa?" Ya pili ilikuwa juu ya mama wa kule Kipese anayelima viazi kwenye baridi huku akingoja mtoto aliyechukuliwa. Mapadri waliipenda, vijana waliikimbia. Ya tatu ndiyo hii inayotaka kuniua. Inaitwa Barabara: Butembo mpaka Beni, kona kwa kona, pamoja na wafu wake wote.

Basi tulifika Beni kwa miguu na kwa pikipiki ya msamaria mmoja, tukapokewa kwenye parokia iliyo kilimani, juu ya mto mdogo. Asubuhi nikamwambia Cyrille:

"Tunarudi Butembo. Albamu imekufa."

"Dereva njo amekufa," akanijibu. "Albamu, hapana. Tunamaliza."

"Na clavier?"

"Parokia iko na harmonium, kinanda ya upepo."

"Ile inapumua sawa mbuzi mwenye mafua!"

"Basi barabara yako itapumua vile. Kwani ni barabara ya Ulaya?"

Huyo ndiye Cyrille Ngalula, mpiga gitaa wangu. Baba yake alitumwa na serikali kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya ofisi Butembo, na mtoto akakulia kwetu. Anaongea Kifaransa, Lingala, Tshiluba, na Swahili yake inachechemea lakini inafika. Kinande, lugha yetu, ndicho kilimshinda. Miaka yote ile amebakia na neno moja tu, wasingya, la kushukuru, na hilo analitupa kila mahali, hata kwa mtu aliyemkanyaga.

Nampenda yule kijana. Naandika hivyo wazi, kabla sijaendelea.

Tatizo letu lilikuwa kipande cha tano, cha shambulio. Sauti zake zote zilikuwa ndani ya clavier, na clavier ni majivu. Harmonium haiwezi kutisha hata kuku. Cyrille alikaa akifikiri, bega limefungwa kitambaa, halafu akasema:

"Siméon, kwa nini unatafuta sauti ya uongo? Si batu ba hapa bako na sauti yabo?"

Nilielewa mara moja. Mtu wa Beni hangoji king'ora. Adui akitoka msituni kuja kuua, mama anashika sufuria na mwiko, anapiga. Jirani akisikia, naye anapiga. Nyumba hadi nyumba, kilima hadi kilima, mpaka vijana watoke na mapanga na askari waamke. Na sheria yake ni moja: ukisikia sufuria na usipopiga yako, wewe ni mshiriki wa adui. Watu wamechomewa nyumba kwa kunyamaza.

Tukaenda kwa Mama Solange, msimamizi wa korali ya akina mama. Ni mjane. Mumewe alikatwa shambani mwaka juzi, kwenye miti yake ya kakao. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua maharagi.

"Sufuria hatuipigake kwa mchezo, mwanangu."

"Haiko mchezo, mama. Ni ju ya benye walikufa."

"Benye walikufa habasikie tena. Benye banasikia bako kule ngambo ya mto."

"Tutatangaza mu misa, mama. Padre atasema. Na tutapiga mchana kweupe. Adui hakuyake mchana, anakuyaka usiku."

"Zamani alikuwa hakuyake."

Alirudi kwenye maharagi yake. Nikadhani tumeshindwa, nikaanza kusimama.

"Kaa," akasema. "Mie sijasema hapana. Kama unaimba barabara ya Beni bila sufuria, utakuwa umeimba barabara ya batu bengine. Tutapiga. Lakini tangaza vizuri."

Tukatangaza. Jumapili padre alisema kwenye misa zote, kwa Swahili na kwa Kinande: Jumamosi baada ya chakula cha mchana mkisikia sufuria kwenye parokia, msiogope, ni muziki. Watu walicheka kanisani. Mimi nikapiga ishara ya msalaba, nikahesabu kazi imekwisha.

Ee, sisi Wakatoliki! Kwetu sisi neno likitoka kwenye misa, tunaamini dunia nzima imelisikia. Ng'ambo ya mto ule mdogo ni Waprotestanti kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna aliyevuka kwenda kuwaambia. Si padre, si mimi, wala Mama Solange mwenyewe aliyekuwa amewataja.

Jumamosi ikafika na jua kali. Niliwapanga mama wote wa korali uani mwa parokia, kila mmoja na sufuria yake, wengine vifuniko, wengine beseni. Nilikuwa na megafoni ya parokia ya kuwaongozea. Mikro moja, maikrofoni, niliiweka mbele yao.

"Mie naenda chini kule, karibu na mto," Cyrille akasema.

"Kufanya nini?"

"Mutu hasikiake sufuria kutoka karibu, Siméon. Anaisikiaka kutoka mbali, akiwa kwa kitanda, anajiuliza kama ni yake. Ile sauti njo naitaka."

Alikuwa na haki, mshenzi yule. Siku zote anakuwa na haki. Akachukua fimbo ndefu, akafunga mikro juu yake, akaivika soksi nyeusi ili upepo usiingie. Mashine ya kurekodi akaitia kiunoni, casque ya kusikilizia akaivaa masikioni, akashuka kwenye migomba akivuta nyuma yake waya wa ile mikro ya uani. Mimi nilimwangalia mpaka akapotea, na nilichofikiri ni kwamba soksi ile ilikuwa yangu.

Nikashika megafoni. "Moya, mbili, tatu, haya! Mama wa nyuma, musichelewe!"

Wakaanza.

Jamani, nimepiga muziki tangu utoto wangu, sijasikia kitu namna ile. Mwanzo walipiga kwa aibu, wakiangaliana. Halafu mama mmoja mfupi wa nyuma akafumba macho, akapiga kama mtu aliye nyumbani kwake mlango unavunjwa. Wengine wakamfuata. Hakuna aliyenitazama tena. Mwiko wa yule mfupi ulivunjika, akaendelea na ngumi. Machozi yalikuwa yanamshuka na mimi pia yalinishuka, na bado ndani ya kichwa changu kulikuwa na mtu mdogo mwenye kiburi akisema: Kahongya, hii ndiyo albamu, hii itafika mbali.

Nikainua mkono kuwasimamisha.

Wakasimama wote, hata yule mfupi.

Sufuria hazikusimama.

Ziliendelea kulia, mbali kidogo, chini, ng'ambo ya mto. Kwanza chache, halafu nyingi, halafu kilima kizima. Na juu yake filimbi, na sauti za wanaume.

"Siméon," Mama Solange akasema polepole. "Zile haziko zetu."

"Ni mwangwi, mama."

"Mwangwi gani unapigaka filimbi? Rafiki yako iko wapi?"

Nikatupa megafoni, nikakimbia.

Yaliyompata Cyrille kabla sijafika niliambiwa baadaye na waliokuwa wakimpiga wenyewe. Alikuwa amesimama kwenye migomba, macho yamefumbwa, fimbo imeinuliwa, anasikiliza sauti nzuri kuliko zote alizowahi kushika. Vijana wa ng'ambo wakavuka mto na mapanga. Wakamwona mtu wasiyemjua. Wakamwita kwa Kinande, hakugeuka. Wakamwita kwa Swahili, hakugeuka. Casque ilikuwa masikioni. Kwao yule ni mtu mgeni, sufuria zinalia, na yeye ametulia na fimbo yenye waya kana kwamba anangojea wenziwe.

Pigo la kwanza lilikuwa la nyuma ya goti.

Nilipofika, sikumwona. Niliona migongo tu, na mikono ikipanda na kushuka. Mchi, jembe, tawi la mti, ubapa wa panga. Hawakuwa wakipiga kelele tena, walikuwa wanafanya kazi. Sauti niliyosikia ni ile ya mkeka unaopigwa mavumbi, na katikati yake mtu akiita mama yake kwa Tshiluba.

"Muache! Muache! Ni mutu wangu!" nikapiga kelele kwa Kinande na kwa kila lugha niliyo nayo.

Nikajitupa ndani. Mtu aliyekuwa na mchi hakuniona, au aliniona. Mchi ulinishukia mkono wa kushoto nilipokuwa nakinga kichwa cha Cyrille. Nilisikia vidole viwili vikivunjika kabla ya kusikia maumivu. Vidole vya mpiga clavier, wasomaji wangu. Nililia kama mtoto na sikuona haya.

"Simameni kwanza!" sauti ikasema.

Wakasimama. Mwenye sauti alikuwa kijana mnene, nguo zake zimejaa mafuta ya injini. Wakamwita Zorobabel. Yeye ndiye kichwa cha vijana wa ulinzi wa ng'ambo, na mchana anatengeneza pikipiki. Wiki tatu nyuma alikuwa amemzika dada yake pamoja na watoto wa huyo dada, waliochinjwa bila mtu wa kuwapigia sufuria. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule niliona tu macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Weye ni nani?"

"Siméon Kahongya, mwana wa Bulengera. Huyu ni mupiga gitare yangu. Siye ni banamuziki."

"Gitare yake iko wapi?"

"Iko kule parokia."

"Na weye, unapigaka nini?"

"Clavier."

"Iko wapi?"

"Iliungua barabarani."

Akawageukia wenzake. "Munasikia? Banamuziki bila vyombo. Chombo yenye bako nayo ni antenne."

"Haiko antenne! Ni mikro, tena imevaa soksi, angalia!"

Kweli kuna siku ambapo ukweli una sura ya uongo kuliko uongo wenyewe. Mtu nyuma akacheka. Mwingine akasema, "Aseme Kinande, huyo mupelelezi! Aseme hata neno moya!"

Zorobabel akamwinamia Cyrille. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefungika, sikio linavuja. "Sema."

Cyrille akatafuta. Nilimwona akitafuta, maskini. Akapata lile moja alilo nalo.

"Wasingya," akasema.

"Ametushukuru!" mtu akapiga kelele. Na teke likamwingia mbavuni.

Askari mmoja alikuwa ametoka kwenye kizuizi cha darajani, bunduki begani. Nikamwinulia mkono wangu uliovunjika. "Chef! Saidia, chef, ils vont le tuer, watamuua!"

Aliangalia kundi, akaangalia fimbo na waya. "Likambo na bino," akasema, hayo ni mambo yenu, akarudi kivulini mwake. Namwandika hapa ili naye ajisome.

Pneu, tairi kuukuu, ikaletwa. Sijui ilitoka wapi. Ikitakiwa pneu haikosekani kamwe. Wakamvika Cyrille shingoni na kifuani, bega lile lililopasuka kwa ajili yangu likafinywa ndani, akatoa sauti ambayo sitaiandika. Bidon ya esansi, dumu la petroli, ikafuata. Zorobabel mwenyewe ndiye aliyemwaga. Harufu ilinichoma macho. Vijana wawili walikuwa wamenikalia mgongoni, uso wangu uko kwenye tope, na nilichoweza kufanya ni kusema jina lake tu, Cyrille, Cyrille.

Hapo ndipo mama walipofika.

Walikuwa wameshuka kilima kizima na sufuria mikononi, kitenge cha korali kimelowa jasho. Mama Solange hakuuliza kitu. Alipita katikati ya wanaume kwa kiwiko, akafika kwa Cyrille, akalala juu yake. Mwili mzima, kifua kwa kifua, na pneu katikati. Esansi ikamloweka na yeye.

"Mama, toka," Zorobabel akasema.

"Washa."

"Mama, huyu ni adui. Sufuria imelia."

"Ni mie nilipiga ile sufuria! Washa, nakuambia! Bwana yangu walimukata. Weye utanichoma. Nitafika kwake nimuambie banaume ba Beni wamekomaa, banachomaka bamama mchana."

Yule mama mfupi wa mwiko uliovunjika akaweka sufuria kwenye majani, akalala pembeni, akashika mguu wa Cyrille. Mwingine akafuata. Na mwingine. Wakawa rundo moja la vitenge, na huwezi tena kuona mwanamume yuko wapi ndani yake.

Zorobabel alibaki na kiberiti mkononi.

"Padre alisema mu misa!" Mama Solange akapiga kelele kutoka chini. "Alisema Jumamosi ni muziki! Hamukusikia?"

Kijana mmoja akamjibu kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mama yake: "Siye hatuendake mu misa, mama."

Mama Solange akageuza kichwa, akanitafuta pale kwenye tope, akanitazama. Ningependa ardhi inimeze, lakini ardhi ya Beni imekwisha meza wengi, ilikuwa imeshiba.

"Mashine!" nikakumbuka. "Iko kiunoni mwake! Sikilizeni mashine! Sauti yangu iko ndani!"

Wakaitoa chini ya rundo. Kioo kimepasuka lakini taa yake inawaka. Zorobabel akafuta damu ya Cyrille kwenye casque kwa shati lake, akavaa, na mimi nikamwonyesha kwa kidevu pa kufinya.

Alisikiliza amesimama katikati ya watu wote. Uso wake ulianza kukunjamana. Nilijua amefika wapi: moya, mbili, tatu, haya, mama wa nyuma, musichelewe.

Akavua casque. Akacheka kidogo, halafu akaketi chini, akashika kichwa.

"Maestro," akasema, "unataka tukuwe wauaji ju ya wimbo?"

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Hapana niambie ndugu." Lakini alikuwa ameshaitupa bidon na kiberiti majanini. "Mutoeni pneu! Leteni maji! Na mupige mbio ngambo, museme ni muziki ya Bakatoliki, kila mutu atulie!"

Neno likavuka mto kwa mdomo, mtu kwa mtu. Ni muziki. Ni muziki tu. Sufuria za ng'ambo zikaanza kunyamaza, moja baada ya nyingine, mpaka kilima kikawa kimya na kuku wakasikika. Wanaume walianza kurudi mashambani. Watoto waliokuwa wamefichwa chini ya vitanda wakatolewa. Yule aliyenipiga mchi alinifunga vidole kwa kipande cha mgomba na hakuweza kunitazama. Mwingine akamletea Cyrille kiatu chake.

Cyrille alikuwa ameegemea mapaja ya Mama Solange, ananuka esansi kutoka kichwa hadi miguu. Jicho moja lilifunguka.

"Tulishika?" akaniuliza.

"Nini?"

"Sauti. Tuliishika?"

"Tulishika, mjinga weye. Nyamaza."

Akatabasamu na meno mekundu. Nikamwekea mkono wangu mzima kifuani, nikaona moyo unapiga, nikamshukuru Nyamuhanga, Mungu wetu, kwa sauti, mbele ya Waprotestanti na Wakatoliki, na wote wakaitikia amina.

Ndipo sufuria zikalia tena.

Safari hii zilitoka juu, upande wa mashamba ya kakao, mto unakotokea. Chache. Mbili, labda tatu.

Vijana waliobaki wakacheka. "Bis! Rudieni!" mmoja akapiga kelele. "Bakatoliki habachokake!" Kwenye kilima cha ng'ambo hakuna aliyepiga kuzijibu. Nilimwona mama mmoja kule akitoka mlangoni, akasikiliza, akapunga mkono kwa kuchoka, akarudi kuanika nguo.

"Maestro," Zorobabel akasema bila kuinua kichwa, "sema mama zako batulie. Inatosha."

Nikawaangalia mama. Wote walikuwa pale. Mama Solange na yule mfupi na wengine wote, mikono mitupu, sufuria zao zimetapakaa kwenye majani kati ya miguu yetu.

Mama Solange alikuwa ameshaelewa. Alinitazama, na mkono wake ukambana Cyrille kichwani.

Kule juu sufuria moja ikakatika katikati ya pigo. Ikabaki moja.

"Maestro," Zorobabel akasema tena, na sasa aliinua kichwa. "Ile ni yako, ama hapana?"

Mnisikilize vizuri, wasomaji, maana nimelirudia swali lile kila siku tangu hapo. Nikisema ni yangu, Cyrille anaishi. Watu wataendelea kuanika nguo, na wale wa juu watashuka kwenye nyumba zilizo wazi, kwa watoto waliotolewa chini ya vitanda kwa neno langu mimi. Nikisema si yangu, basi adui amefika kweli, siku hiihii, saa hiihii, kando ya mto uleule ambapo mgeni alikuwa amesimama na fimbo na waya kama anayemwita. Na nani atasikiliza mashine tena?

Cyrille alikuwa ananiangalia kwa lile jicho moja. Hakuwa mjinga. Alishika ncha ya suruali yangu.

Sufuria ya mwisho ikanyamaza.

"Haiko yangu," nikasema. "Kimbizeni batoto!"

Yule mama mfupi akaokota sufuria yake, akaanza kuipiga kwa jiwe, na vijana wakaruka kwenye mapanga yao, wakaanza kukimbia kuelekea juu.

Zorobabel hakukimbia nao. Hakuangalia hata upande wa kakao. Alimwangalia Cyrille, ambaye nguo zake zilikuwa bado zimelowa esansi, akainama polepole, akaokota kiberiti.